Jinsi ya Kumsumbua Mkulima wa Korosho kwa "Na", "Au" na "Si"

Umepewa kazi ya kuandika programu ya stakabadhi ghalani. Hongera. Ukiwa Masasi utazihudumia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zilizo chini ya chama kikuu cha MAMCU. Ukipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, chama kikuu ni TANECU. Kote huko swali ni lilelile: huyu alipwe, asilipwe?

Anza kwa kulundika kila kitu ndani ya fanksheni moja ndefu. Kuna watu hutengeneza visharti vidogovidogo, kila kimoja kikijibu kweli au si kweli: zimekauka, hazina mawe, jina limo kwenye rejista. Kisha huviunganisha kwa "na", "au" na "si" bila kuvifumua. Java yenyewe ina zana hizo tangu toleo la 8 la mwaka 2014. Wewe ziache. Kisharti kinachosimama peke yake hupimika peke yake, na karani wa ghala ataanza kukuuliza kosa liko wapi.

Mabano nayo ni ya waoga. Andika "daraja la kwanza au daraja la pili na zimekauka". Lugha nyingi huifunga "na" kabla ya "au", kwa hiyo mzigo ulioandikwa daraja la kwanza utapita hata ukiwa umenyeshewa jana.

Kwa kuwa "na" huacha kuuliza ikikuta hapana ya kwanza, tanguliza ukaguzi wa shamba. Mjumbe ateremke hadi bonde la Ruvuma kuhesabu mikorosho, arudi na vumbi lake, ndipo mfumo ugundue kwamba jina halimo kwenye rejista.

Utamu wenyewe uko kwenye "si". Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba, uhakiki ulifanywa ili kumtenga mkulima na kangomba, yule mnunuzi wa vichochoroni. Tuseme mkulima ni mwenye shamba na jina kwenye rejista. Asiye mkulima je? Mwenye haraka huandika "hana shamba na jina halimo", na kangomba aliyejipenyeza kwenye rejista anapita kifua mbele. Augustus De Morgan, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1806, angemsahihisha: "hana shamba au jina halimo". Sasa kangomba amenaswa. Pamoja naye amenaswa mjane ambaye rejista bado ina jina la marehemu mumewe. Kanuni ya De Morgan haina kosa hapo; aliyeamua mkulima ni nani hakumwuliza mama huyo, na "au amerithi" ingeongezwa kwa dakika moja. Usiiongeze. Mwambie aje Jumatatu.

Halafu uliza kama kila gunia la mteja limekauka, bila kuangalia kwanza kama analo gunia. Kwenye orodha tupu hakuna la kupinga, hivyo jibu ni kweli. Asiyeleta kitu atachapishiwa stakabadhi ya kilo sifuri, kavu kabisa, daraja la kwanza.