Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Leseni za Udereva

YAH: PONGEZI KWA UBAO WA HERUFI

Waheshimiwa wanastahili pongezi kwa kugundua jambo lililowashinda madaktari wa neva duniani kote, yaani kwamba dereva akishasoma herufi za ubaoni asubuhi moja, mwili wake hutulia tuli kwa miaka 5 yote ya leseni.

Wanaotishia kuuharibu ugunduzi huo ni wenye multipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa mafuta unaozifunika neva za ubongo, za macho na za uti wa mgongo. Leo mtu huona barabara moja, wiki ijayo huona mbili zilizopandana. Mguu wa kulia hufa ganzi, asijue kama umekanyaga breki au mafuta. Uchovu humlemea kabla hajafika Kibaigwa. Kisha dalili hupungua, naye huonekana mzima kabisa, hasa mbele ya karani.

Joto nalo halijui kanuni. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi wagonjwa hawa walivyopungukiwa na uwezo wa kuona baada ya mazoezi, na baadaye ikabainika kwamba neva iliyovuliwa utando hushindwa kupitisha ujumbe joto la mwili linapopanda hata kidogo, ingawa hurudia hali yake mwili ukipoa. Asubuhi za Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni za kupendeza; ile saa nane mchana ya Oktoba, kati ya Bahi na Manyoni, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, ndiyo ambayo haijawahi kuitwa kwenye usaili.

Uingereza, kwa kukosa imani na ubao, humlazimisha dereva mwenye ugonjwa huu kuiarifu mamlaka ya leseni, nayo huweza kumpa leseni ya muda mfupi inayopitiwa upya, au kumruhusu aendeshe gari lenye breki na mafuta ya kuongozwa kwa mkono. Mahali ambapo kusema ukweli hudhaniwa ni kurudisha leseni, mwenye akili timamu hunyamaza, na wa kuomba dua ni bodaboda aliye mbele yake. Gari, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, hukaguliwa na kubandikwa stika. Dereva hana pa kubandikwa.

Inaombwa basi, kwa unyenyekevu mkubwa, kipimo kijacho kifanyike saa nane mchana, feni ikiwa imezimwa.

Nakala: Jua la Oktoba, Dodoma – kwa taarifa na utekelezaji.