Namna ya Kununua Joto Mombasa

Subiri mwezi wa Machi. Kaskazi imechoka, kusi haijafika, feni inazungusha hewa ileile ya tangu Januari na kipimajoto kinasoma 33 kivulini. Hapo ndipo tangazo litakapoingia kwenye simu yako: sauna ya infraredi ya nyumbani, kibanda cha mbao chenye mlango wa kioo, ndani ameketi Mzungu anayetabasamu huku jasho likimtiririka. Usimcheke. Jasho hilo wewe unalipata bure kwenye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, ila wewe umesimama na yeye ameketi, na kiti hicho ndicho chenye bei.

Kabla ya kutoa pesa, jua unachonunua. Sauna ya Kifini hupasha hewa hadi nyuzi 80 au 90 kwa jiko la mawe yanayomwagiwa maji. Kibanda chako kina vibao vinavyotoa miale ya infraredi, ambayo huipasha ngozi moja kwa moja, kwa hiyo hewa ya ndani hubaki baina ya nyuzi 45 na 60. Muuzaji atakueleza miale hiyo kana kwamba imeteremshwa jana. William Herschel aliigundua 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye mche wa kioo. Tena kila chenye joto huitoa. Mishkaki ya barazani huiva kwayo bila kugusa kaa. Ukuta wa matumbawe wa nyumba yako ya Kibokoni, Mji wa Kale, uliochapwa na jua kutwa, unaendelea kuitoa usiku kitandani mwako, na hakuna aliyekuandikia dhamana ya miaka miwili. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ndiyo sauna kubwa kuliko zote kisiwani, na tiketi yake haikulazimishi kuvua nguo.

Hata kibanda chenyewe si kipya. Daktari John Harvey Kellogg, ambaye jina la ukoo wake unaliona kwenye boksi la kornfleksi, alitengeneza 1891 kabati lililojaa taa za umeme na kuwaketisha wagonjwa ndani yake huko Battle Creek, Michigan.

Sasa afya, maana ndiyo utakayomtajia mkeo au mumeo akiuliza pesa za kodi ya nyumba zimekwenda wapi. Usianze na habari ya kutoa sumu mwilini. Jasho ni maji na chumvi. Kazi ya sumu imeshikwa na ini na figo, nazo hazijagoma. Usimtajie kupungua kilo pia, kwa sababu kilo hiyo ni maji na itarudi na dafu la kwanza. Mwonyeshe utafiti wa Kuopio, Ufini, uliochapishwa 2015: wanaume 2,315 walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi kuliko walioingia mara moja. Msomee kwa sauti. Ukifika mahali panaposema kuwa hizo zilikuwa sauna za Kifini zenye moto mkali, si kibanda chako, kohoa. Na akiuliza kama mtu mwenye nafasi ya kukaa saunani kila siku hakuwa tangu hapo na maisha mepesi, mpelekee chai.

Kilicho karibu zaidi na kibanda chako ni tiba ya Kijapani iitwayo Waon: dakika 15 katika nyuzi 60, kisha nusu saa umefunikwa blanketi. Madaktari waliijaribu kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu na baadhi walipata nafuu, lakini walikuwa hospitalini, macho ya daktari yakiwa juu yao. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, la kutegemea ni dogo na la kweli: mishipa hutanuka, moyo huenda kasi kama wa mtu anayetembea haraka, misuli hulegea, na pengine usingizi ukaja mapema. Mwenye mimba, mwenye moyo usiotulia na anayemeza dawa za presha wamwone daktari kwanza. Mchana wa Ramadhani usiguse swichi.

Kuna mtu mmoja ambaye takwimu hazitamfaa, naye ni bibi. Atakizunguka kibanda, apige mbao kwa kidole, aulize, “Mwanangu, hili ndilo kabati la kujifukizia?” Usijibishane naye. Yeye alijifukiza kwa chungu cha mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi, akakandwa maji moto siku arobaini kwa kila uzazi, na hakutumia hata uniti moja ya stima. Pwani haijawahi kuona haya kutafuta jasho. Sultani Barghash aliwajengea watu wa Mji Mkongwe, Unguja, hamamu iliyoacha jina lake mtaani hadi leo, Hamamni. Na mwaka 2020, wakati wa korona, Watanzania walirudia nyungu, chungu cha kujifukizia, hata Muhimbili, hospitali kuu ya taifa, ikawa na mashine ya kujifukizia.

Kukifikisha kibanda nyumbani kunataka vipimo. Tuktuk itakushushia Ndia Kuu. Kuanzia hapo ni hamali na vichochoro. Pima mlango, kisha ngazi, ambazo wazee wetu wa kale walizijenga kwa watu wembamba wasiomiliki sofa. Stima si tatizo: kibanda cha wati 1,800 kinabebwa na soketi ya kawaida ya ampea 13, mradi usiunganishe birika na pasi kwenye waya huohuo. Kila saa kitakula karibu uniti mbili. Ukiwasha na kiyoyozi cha chumba ili utoke mahali pazuri, utakuwa unanunua joto na baridi kwa tokeni moja, jambo ambalo hata Sultani hakuliweza.

Utokapo, Mfini hujitosa ziwani au kwenye theluji. Wewe utatokea Machi. Hewa yetu imeshiba unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo tenga maji ya kuoga mapema: mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, iwapo bomba limefunga siku hiyo.

Faida kuu haimo kwenye karatasi ya muuzaji. Mji wa Kale, roshani hutazamana na roshani, na mgeni hupiga hodi akiwa ameshafika sebuleni. Kibanda kina nafasi ya mtu mmoja. Simu haistahimili joto lile, basi unaiacha nje. Akija shemeji kuomba mkopo, ataambiwa, “Yuko kwenye matibabu.” Dakika 40 hakuna anayekuuliza kitu. Ukigundua kuwa mambo haya yote hutokea hata swichi ikiwa imezimwa, usimwambie mtu.

Siri itagunduliwa tu. Wiki ya tatu shangazi ataingia na tasbihi, wa pili atafuata kwa ajili ya mgongo, na wewe utapangiwa zamu baada ya Isha. Masika yakianza utakuta sare za shule zimeanikwa ndani. Zitoe kabla ya kuwasha, nguo na vibao vya moto havielewani. Ikifika Julai, watu wakivaa sweta kwa nyuzi 27, kibanda kitapata wapenzi wa kweli, na huo ndio wakati wa kukiuza. Andika tangazo fupi: mbao safi, redio ndani, mlango wa kioo unaofungika, sababu ya kuuza ni kuhama. Picha ipige na shangazi akiwa nje.