Jogoo wa Kwenye Tangi

Masika nzima tangi la pikipiki lilikaa juu ya friji yetu, na ole wake aliyefunga mlango wa friji kwa kishindo. Baba Zuhura alilipandisha huko kwa sababu mbili: watoto hawalifikii, na Bibi, mama yake, hataliona. Hiyo ya watoto ilikuwa kweli.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam ya marehemu baba mkwe. Aliinunua mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa na meneja wake akawa anauza kila alichoshindwa kufunga kwenye mizigo. Ni kitu kidogo tu, injini ya cc 123, na petroli yake huchanganywa na oili humo humo tangini. Waingereza wa Birmingham walianza kuitoa mwaka 1948, ila ubunifu haukuwa wao. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Wajerumani, ukachukuliwa kama fidia ya vita. Warusi nao waliuchukua, Harley-Davidson vilevile, na hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilitoka humo. Wageni wetu husimuliwa haya yote kabla ya kuwekewa chai. Mimi kinachonichekesha ni kingine: kampuni iliyoanza kwa kuunda bunduki, nembo yake bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, ikaipa pikipiki yake jina la kuku wa kimo kifupi na kumbandika jogoo kwenye tangi.

Jogoo huyo kwetu alikuwa amebaki mkia.

Fundi rangi wa mtaa wa nyuma alilisafisha tangi, akalipiga msasa, akalipaka kile kijani cha kupauka cha kiwandani. Kazi hiyo haikuwa na visa. Visa vilikuja na stika, ambazo mpwa wetu alizileta kutoka Uingereza ndani ya kitabu zisikunjike. Si zile za kubandua na kubandika. Hizi ni za maji. Unaziloweka kwenye maji ya vuguvugu, baada ya muda picha inaanza kuteleza juu ya karatasi yake, nawe unaisukuma taratibu ihamie kwenye tangi lililolowa. Maji yakiwa bado chini yake, unaisogeza kwa kidole upendavyo. Ukishayakamua kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni, mambo yamekwisha. Ni nyembamba kuliko utando wa maziwa, na ikijikunja hugandamana yenyewe, huikunjui tena.

Mume wangu hakutaka watazamaji. Alingoja tulale, akachukua beseni langu la kuoshea mchele, na umeme ulipokatika akaendelea kwa tochi ya simu. Asubuhi tukakuta jogoo wawili, mmoja kila ubavu, na amri imetolewa: tangi lisiguswe, na lisizungumzwe mpaka lipakwe klia, ile vanishi angavu ya juu.

Klia ikachelewa. Fundi alikataa katakata kupuliza wakati wa mvua, na nilipomsikia anaeleza nikamheshimu. Tina ikiruka hewani huupoza uso wa chuma, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kama ya Tanga mwezi wa nne, unyevu huo hutua juu ya rangi mbichi. Badala ya kung'aa, rangi inapata ukungu mweupe kama maziwa. Basi tangi likabaki juu ya friji, siku zikaenda. Nilichokiona mimi, nikadhani ni macho yangu, ni kwamba kila kukicha lilikuwa linazidi kupendeza.

Jua lilipotoka tukaandamana wote hadi gereji, Bibi akiwa mbele. Fundi alianza kwa vumbi la klia, mguso mwepesi usiolowesha. Ukimwagia nyingi kwa mkupuo, alisema, tina inaing'ata stika na kuikunja. Hata hivyo ule mguso wa kwanza ulipotua, klia ikaanza kukimbia. Vishimo vikafunguka tangi zima, vya duara, kila kimoja na ukingo wake, kana kwamba rangi imekataa kukaa jirani na chuma. Fundi akaweka bomba chini.

"Nani amepaka kitu hapa?"

Baraza likafunguliwa pale pale. Zuhura aliulizwa mafuta yake ya nywele. Mimi niliulizwa samaki ninaokaanga, kwani friji iko karibu na jiko, swali ambalo sijalisahau. Shemeji, ambaye hakuwapo, alituhumiwa kwa kutokuwapo. Fundi akatikisa kichwa: haya si mafuta ya samaki, hii ni silikoni. Ndipo Bibi akakohoa.

"Mimi nilikuwa nalifuta vumbi tu."

"Kwa kitambaa kikavu, Mama?"

"Kwa dawa ya kabati."

Ile ya kopo, ya kupuliza, inayofanya mbao zing'ae. Kila jioni baada ya magharibi alikuwa akipanda kigoda, analishusha tangi la mumewe, analing'arisha na kulirudisha. Silikoni ya kwenye dawa zile haiondoki kwa kufuta, na tone dogo latosha kuifukuza rangi. Nani angemgombeza? Mume wangu alikaa juu ya tairi akasema sasa jogoo wote wawili lazima wapigwe msasa.

"Afadhali," alisema Bibi. "Kwani mlitaka kumwacha vile, anatazama anakotoka?"

Tukalizunguka tangi. Stika zile huja jozi, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, na kwenye giza la tochi walikuwa wamebadilishana pande. Midomo yote miwili ilielekea kwenye kiti cha dereva.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Si ulisema lisizungumzwe?"

Safari ya pili mpwa aliagizwa jozi mbili. Fundi alilirudisha tangi kwenye chuma, akaliosha kwa dawa ya kuondoa grisi: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kisafi cha kukausha kabla dawa haijaruka, na kilichochafuka hakirudi kazini. Kisha akalipaka tena kile kijani. Stika alibandika Zuhura, mchana kweupe. Binti huyu anachora hina mikononi mwa maharusi. Vidole vyake havitetemeki. Babake alishika beseni, safari hii la plastiki, la kwake. Kapovu ka hewa kalipobaki chini ya mkia, Zuhura alikatoboa kwa ncha ya sindano na kukakandamiza. Bibi alikaa kwenye mkeka, na kabla ya kila jogoo kuhamishwa aliuliza, "Mbele ni wapi?"

Klia yenyewe hatukuiona ikipulizwa. Ile inayochanganywa na hadina ndiyo inayostahimili petroli, lakini ina isosianeti, sumu ya mapafu, na fundi alitufukuza kabla ya kuvaa barakoa yake ya vichungi. Tuliitwa ilipokauka. Mume wangu hakuamini mpaka alipodondosha petroli kwenye kitambaa na kusugua chini ya tangi mahali pasipoonekana. Kitambaa kilitoka bila rangi.

Bibi alilitazama tangi upande huu na upande ule, akapitisha kiganja juu yake.

"Hiyo dawa inakaa na kwenye mbao?"

"Ipo ya mbao, Mama."

"Basi mlipake na kabati langu, nipumzike kupulizapuliza. Na hao jogoo waliobaki mnibandikie milangoni." Akafikiri kidogo. "Watazamane."