Simiti Yenye Hadhi

Wanaonung'unika kwamba kuweka sakafu hapa Kipsing, kaunti ya Isiolo, ni ghali hawana adabu kwa wageni. Mfuko wa simiti wa kilo 50 unazaliwa Athi River, unapita Nairobi, unautazama Mlima Kenya bila kiingilio, unalala Isiolo mjini, kisha unaanza kuruka mawe kuja kwetu. Mtalii wa aina hiyo ashuke kwa bei ya Nairobi? Laga, yaani mto wa msimu, ikifurika, lori husubiri ng'ambo, na kila siku ya kusubiri ina posho yake. Ni haki.

Vigae navyo vina uzalendo. Vinavyovunjika njiani hulipiwa kama vizima, maana vimesaidia kujaza mashimo. Ugatuzi ulikuja 2013 ukiahidi huduma mlangoni; sakafu iko hatua moja ndani ya mlango, kwa hiyo tusiwe na pupa. Mchanga tu ndio unaotutia aibu: umejaa laga nzima, bila risiti. Bahati nzuri kuupandisha ukingoni kuna nauli.

Akina mama wanaosiriba sakafu kwa samadi ndio wanaorudisha maendeleo nyuma. Malighafi yao huja kwa miguu yake yenyewe, jioni, bila dereva.

Kinachonifurahisha zaidi ni uaminifu wa barabara. Simiti ikija, bei hupanda kwa sababu barabara ni mbovu. Mbuzi akienda sokoni, bei yake hushuka kwa sababu barabara ni mbovu. Nilimwomba fundi anifafanulie hesabu hiyo. Akasema niuze mbuzi mwingine kwanza.