Kijiko cha Bibi

Mwenzangu uliyewahi kulea kichanga, sogea nikusimulie. Hapa Ringwani tumejaliwa mtoto wa tatu, na wiki nzima hakuna aliyeuliza habari za mvua wala za ulezi shambani. Swali lilikuwa moja: "Amejisaidia?"

Mama yangu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi Kijiko, alikuja siku ileile tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani, na kikombe cha maji ya sukari na kijiko mkononi. Kwake tumbo la mtoto sharti lifunguliwe. Na maziwa, akasema, bado. Hivyo ni vitone vya njano tu.

Mke wangu hakubishana. Akamweka mtoto titini, akauliza taratibu, "Mama, ndama akizaliwa tunampa nini?"

Mama kimya. Ameswaga ng'ombe tangu utotoni, na hajawahi kumnyima ndama dang'a. Vile vitone ndiyo dang'a ya mtoto: vina kinga ya maradhi, na vinasukuma nje uchafu aliotoka nao tumboni mwa mama yake. Tena tumbo la kichanga siku ya kwanza linatosheka na kijiko kimoja cha chai. Ukilijaza maji, maziwa yataingia wapi? Kijiko kikapanda juu ya kabati, ila kikombe kilifunikwa kisahani, kinangoja.

Usiku nikiwa nimempakata nikasikia joto mapajani. Cheusi, kizito, kinanata kama lami, na hakinuki kabisa! Maji ya uvuguvugu hayakufua dafu mpaka tulipompaka mafuta. Shati langu la kanisani ndiyo basi tena.

Kulipokucha binti yangu wa miaka sita, tunayemwita Ripota, akasimama njiani kuwatangazia wachota maji na punda wao kwamba mdogo wake ametoa lami. Siku ya tatu akatangaza kijani. Ya tano, njano yenye chembechembe. Majirani wakaja kupongeza, nami nikapumua, maana muuguzi alituonya: siku ya kwanza ikiisha bila kile choo cheusi, au mtoto akitapika kijani, au tumbo likivimba, msingoje kuche, nendeni hospitali. Nauli ya bodaboda ya kwenda Mugumu ilikuwa imelala chini ya mto wangu siku zote hizo.

Wiki ya saba, kimya. Siku moja, mbili, tano. Bibi Kijiko akakishusha kijiko, na safari hii hata mimi nilitetemeka. Mke wangu akanishika mkono akauweka juu ya tumbo la mtoto: laini kama unga. Ananyonya, anakojoa, anatabasamu. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishavuka mwezi na nusu hivi, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, kwa kuwa mwili unayatumia karibu yote. Angekuwa wa wiki ya kwanza, tungekuwa njiani tayari. Na maji, uji, chochote kingine, mpaka atimize miezi 6.

Jumapili, siku ya sita, choo kikamwagika chote kwenye kitenge kipya cha mama yangu. Cha njano, laini, kingi ajabu.

"Ripota! Leta maji!" akaita, machozi ya furaha yanamtoka.

Jioni nilimkuta jikoni, kijiko kile mkononi, anamkorogea mkwewe sukari kwenye uji wa ulezi.