Muulize Somo: Kijibwa cha Mzee wa Kitaliano

Somo, mimi ni mtunza nyumba, Casuarina, Malindi. Mzee wa Kitaliano kaenda kwao kabla ya masika, kaniachia pug, kijibwa cha pua bapa. Nikikitembeza saa saba mchana chakoroma, ulimi nje, chalala barabarani. Jirani asema kimerogwa. Nimwite mganga?
– Mwenye Dhamana

Mwanangu, mganga muache apumzike. Mchawi ni wewe na hiyo saa saba yako. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Hicho pua yake imebanwa, njia ya pumzi nyembamba, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Kihemee wapi? Saa hiyo hata mbuzi wa Barani wako chini ya mwembe. Kitoe alfajiri na baada ya magharibi. Lami iguse kwanza kwa kiganja. Ikikuchoma wewe, na nyayo zake itazichoma. Kikizidiwa, kimwagie maji ya kawaida, kipepee, kisha tuktuk mbio hadi kwa daktari wa mifugo. Jioni kikague kupe masikioni na kati ya vidole. Tena usikinenepeshe, maana unene huzidi kukiziba pumzi. Mahamri kula mwenyewe.

Somo, mchumba wangu ataka Maltese mweupe. Mimi nataka mbwa wa kulinda kuku. Mmoja atatosha?
– Kidume, Mnarani, Kilifi

Maltese mzima kwa kawaida hafiki kilo nne. Jogoo wako akikasirika, wa kulindwa ni mbwa. Nywele zake hazikomi kukua, na asipochanwa kila siku hushikana mafundo. Kama mchumba ana subira hiyo, mnunulie, ila kwanza muone mamake mbwa, hakikisha mtoto ametimiza wiki nane, na udai kadi ya chanjo. Kuku walindwe na mbwa wa kienyeji, asiyedai kitana.

Somo, mume ataka kijibwa ndani, mama mkwe asema ni najisi.
– Mkaza Mwana, Shela, Malindi

Fatwa waulize mashekhe. Nijuavyo, kwa Washafii chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwambie mumeo muoshaji ni yeye, uone kama bado ataka.

Na nyote mnaofuga, hata cha kubebwa mkobani: chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra sana kupona. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.