Fundi wa Kapsoit na Treni Zisizo na Saa

Kapsoit hakuna reli. Kuna barabara kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu, kuna njia panda ya Sondu, kuna matatu, bodaboda, matrela ya kwenda Uganda na malori ya majani chai. Anayetaka kuona gurudumu la mpira hatanyimwa. Gurudumu la chuma sharti alifuate bondeni, tena kwa nauli yake.

Fundi mmoja wa simu pale sokoni ameamua kulifuata. Siku asiyo na kazi hufunga kibanda, hutia kwenye mkoba kamera ya mitumba, chupa ya chai, viazi vitamu na koti la mvua, kisha huenda kuvizia treni za mizigo. Si za abiria, ambazo angalau mtu angesema kamsindikiza shangazi. Anafuata makontena, matangi ya mafuta na mabehewa ya ngano. Majirani wangemwelewa kama angekuwa anashuka Sondu kununua samaki. Wangemwelewa hata kama angekuwa na mke wa pili Muhoroni, na wapo wanaoamini kwamba hiyo ndiyo treni yenyewe.

Njia yake ya kawaida ni matatu hadi Kipsitet, kisha bodaboda hadi Muhoroni. Huko chini ndiko inakopita reli ya zamani iliyofika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo sasa ni Kisumu. Kutoka Nakuru inapanda Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, kisha inaanza kuteremka: Londiani, Kipkelion ambayo wakoloni waliiita Lumbwa, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibos. Kutoka kileleni hadi ziwani inashuka zaidi ya mita 1,300. Mabonde ya Mau yaliwatoa jasho Waingereza hata wakawapa Wamarekani wa American Bridge Company kazi ya kujenga madaraja 27 ya chuma. Fundi huwahesabia abiria wenzake madaraja hayo ndani ya matatu bila kuulizwa. Kufikia daraja la tatu, abiria wa pembeni huwa amelala, au amejifanya.

Shida ya kwanza ya mchezo huu ni saa. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu, iliporudi kazini Desemba 2021, ilikuja na ratiba inayojulikana: kutoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni. Kwa hiyo huku kwetu ilikuwa ikipita gizani, watu wamelala na kamera haioni kitu. Treni ya mizigo, ambayo yaweza kupita adhuhuri jua likiwa limewaka vizuri, haina ratiba ya kubandikwa ukutani. Huondoka mzigo ukiwa tayari, injini ikiwa tayari, na njia ikiwa wazi. Mambo matatu hayo yakutane kwanza, ndipo na Fundi akutane nayo.

Kwingineko duniani watu wa namna hii wametengenezewa mambo yao. Uingereza, mwaka 1942, Ian Allan alianza kuchapisha vijitabu vya namba za injini, na vizazi vya vijana vikakaa mwisho wa jukwaa la stesheni kwa kalamu, vikikata namba moja baada ya nyingine. Marekani, katika mji wa Rochelle, jimbo la Illinois, kuna bustani iliyojengwa hasa kwa wanaotazama treni za mizigo pale reli za kampuni mbili kubwa zinapokatana. Ina banda la kujikinga mvua, na kipaza sauti kinachosikizisha mazungumzo ya redio ya madereva.

Fundi hana kipaza sauti. Ana mama wa chai, vijana wa bodaboda na wachungaji wa mbuzi, na kati yao wachungaji ndio wanaoaminika, kwa kuwa mbuzi akigongwa ni hasara yao. Mazungumzo huwa hivi:

“Treni imepita?”

“Imepita.”

“Lini?”

“Jana.”

“Na ya leo?”

“Itakuja.”

“Saa ngapi?”

“Ikifika utaiona.”

Jibu hilo halina kosa lolote ndani yake.

Shida ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni maelezo. Kando ya reli hii mtu aliyesimama na kamera ana tafsiri tayari, na hakuna hata moja iliyo nzuri. Njia ilipokuwa inafufuliwa mwaka 2020 na 2021, waliojenga kwenye ardhi ya reli walipewa notisi za kuhama. Tangu hapo, anayepima reli kwa macho huaminika amekuja kuchora alama ya X nyekundu ukutani. Siku moja Fundi aliinama karibu na kibanda cha mandazi kutafuta pembe nzuri ya kupigia picha. Mwenye kibanda akaweka kijiko chini.

“Mmeanza tena?”

“Mama, mimi si mtu wa reli.”

“Si mtu wa reli?”

“Hapana, mama. Naipenda tu.”

Mama alimtazama mkoba, viatu, kisha uso. Mtu wa notisi angemwelewa. Huyu wa kupenda ndiye aliyemtia wasiwasi, akamwita mzee wa nyumba kumi.

Mzee alikuja na tafsiri yake: chuma chakavu. Hakuwa amekosea kuwaza hivyo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya nguzo za umeme na mali nyingine ya umma kuharibiwa, na ingawa marufuku iliondolewa miezi michache baadaye, mtu mwenye mkoba mzito kando ya reli bado ana maswali ya kujibu. Mkoba ukafunguliwa mbele ya watu. Kikatoka kiazi kitamu. Kikatoka kingine. Ikatoka chupa ya chai, koti la mvua, na daftari lenye namba za injini na tarehe zake. Daftari ndilo lililoharibu mambo, maana mwizi wa kawaida haweki kumbukumbu. Mzee alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, akasoma namba kwa sauti, akauliza: “Na hizi umeshauza?”

Alinusurika kwa kuonyesha picha kwenye kamera. Zilikuwa nyingi. Mzee alizitazama zote, treni baada ya treni, akarudisha kamera kwa upole kama anavyorudishiwa mgonjwa cheti chake cha hospitali, akaagiza Fundi apewe chai.

Kisheria kutembea juu ya reli ni kosa, na Fundi, kwa uoga wake na kwa akili zake, husimama mbali. Lakini umbali una wakazi wake. Upande wa Muhoroni na Chemelil wakazi hao ni miwa. Muwa uliokomaa humzidi mtu mrefu kwa kimo, na shamba ambalo mwaka jana lilikuwa wazi, reli ikionekana hadi kwenye kona, leo ni ukuta. Treni nzima hupita nyuma yake, ikanguruma, ikapiga honi, ikatikisa ardhi, na picha inayopatikana ni ya miwa.

Upande wa Fort Ternan hakuna miwa ya kuziba, lakini kuna vilima, na vilima husema uongo. Reli huko imejikunja kufuata mteremko, hivyo treni husikika muda mrefu kabla haijaonekana. Mngurumo unatoka kushoto, unapotea kwenye bonde, unarudi kulia. Fundi amewahi kusimama ameelekeza kamera Koru, kidole juu ya kitufe, akisikiliza injini ikivuta mzigo kwa taabu inakaribia, inakaribia, mpaka ikampigia honi mgongoni ikishuka kutoka Kipkelion. Akageuka akapiga picha. Behewa la mwisho limetoka vizuri sana.

Ni hapo Fort Ternan, kwa bahati, ambapo mtafiti Louis Leakey alichimbua mabaki ya sokwe wa kale aitwaye Kenyapithecus mwanzoni mwa miaka ya 1960, ya umri wa takribani miaka milioni 14. Mahali palipotunza mifupa muda wote huo, mtu akilalamika kwamba treni imechelewa tangu asubuhi anaonekana hana adabu.

Kisha kuna watoto. Fundi ana picha moja anayoipenda kuliko zote, na ukiitazama upesi hutaona treni. Mbele kabisa kuna meno mawili ya mbele yaliyong’oka na tabasamu lililoyazunguka. Nyuma yake kuna sweta za shule za rangi ya kijani, vidole gumba visivyohesabika, mvulana aliyempandisha mdogo wake mabegani, na msichana anayeonyesha muwa alioumenya nusu. Juu ya kichwa cha yule mdogo, ukikaza macho, kuna kipande cha paa la injini na moshi. Hiyo ilikuwa injini ya aina ya 93, zilizotoka viwanda vya General Electric vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na Fundi alikuwa ameisubiri tangu saa moja asubuhi. Watoto walitokea dakika ileile. Kesho yake mama zao walituma ujumbe kupitia mtu wa bodaboda wakitaka picha zisafishwe, kila mtoto nakala yake, na yule wa mabegani apate mbili kwa kuwa amefumba jicho.

Huenda mtu akadhani kilio cha Fundi kingeisha kama treni ingesimama tu. Iliwahi kusimama. Reli hii ni ya njia moja, na treni haiingii sehemu inayofuata kabla ya kupewa ruhusa, kwa hiyo siku hiyo treni ndefu ya makontena ilikaa mbele yake kimya, jua likiipiga ubavuni, hakuna miwa, hakuna mtoto. Fundi alipiga picha za mbele, za nyuma, za magurudumu, za mnyororo, za kutu. Alipiga mpaka akachoka, akaketi. Ndipo dereva akatoa kichwa dirishani.

“Mkubwa, unapiga picha ya nini?”

“Ya treni.”

“Hii?”

“Hii.”

Dereva akaitazama injini yake kuanzia mbele hadi nyuma. “Mimi nimo humu tangu usiku natamani kushuka, na wewe umelipa nauli uje kuitazama?” Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama hapo karibu mandazi yanapatikana. Fundi alikimbia hadi kwa yule mama wa kibanda. Mama alipomwona anakuja mbio na pesa mkononi, kwa mara ya kwanza alimwita mwanangu. Aliporudi na mandazi ya moto, ruhusa ilikuwa imetoka, na makontena yalikuwa yanaishia kwenye kona.

Ili kutuliza roho, alikwenda Nairobi, kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli lililofunguliwa mwaka 1971. Pale lipo garimoshi la mvuke namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252, na hakuna lililolipita ukubwa kati ya magarimoshi yote ya mvuke yaliyotembea kwenye reli za upana wa mita moja. Nalo haliendi popote. Halina cha kusubiri, halina kona, limesimama juani. Fundi alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka lote likaingia kwenye kioo cha kamera, akavuta pumzi, na basi la shule likaingia getini.

Hata hivyo, siku hizi heshima yake imepanda, na sababu ni reli ambayo haijafika. Reli mpya ya SGR ilifika Suswa Oktoba 2019 ikakomea hapo, lakini mpango wa kuifikisha Kisumu kwa kupitia Narok na Bomet haujaacha kutajwa, na kila ukitajwa redioni kibanda cha Fundi hujaa watu wasio na simu mbovu. Juzi shemeji yake alipanda matatu kutoka upande wa Bomet, akafika na kuku mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye mahari.

“Shemeji,” alianza, baada ya chai ya pili, “wewe unayezijua hizi reli. Nikisikia zinakuja, kwa ajili ya fidia, nipande mikalitusi au nijenge nyumba ya mabati?”

Fundi aliweka chini simu aliyokuwa akiifungua. Alifikiri sana. Kisha akataka kujua kama kile kilima kilicho nyuma ya boma la shemeji hupata jua la asubuhi, na kama shule ya msingi iko mbali.